Dirisha la Gienia

Wa kwanza kucheka alikuwa Rufin. Alisimama mbele ya dirisha lililozibwa kwa matofali, kofia yake ngumu kaisukuma hadi kisogoni, akashika kwa ncha za vidole kipande cha pazia kilichoning'inia ukutani kwa misumari miwili yenye kutu.

"Jamani, njooni mwone! Pazia la lesi! Sasa huyu alikuwa anamzuia nani asichungulie? Tofali?"

"Wewe cheka tu," alisema Zenek, mwashi mwenzake, bila kuacha kukwangua rangi. "Enzi zile kuta zilikuwa na masikio. Huyu alikuwa anajikinga, zisije zikaota na macho."

Mafundi wakaangua kicheko. Ghorofa ya nne ya kiwanda cha nguo cha Kessling ilikuwa pana hivi kwamba kicheko kilichoanzia mwisho mmoja kilifika mwisho wa pili kikiwa hoi, kimejigonga kwenye kila nguzo ya chuma njiani.

Halszka Pluta peke yake hakucheka. Yeye ndiye msanifu aliyepewa kazi ya kuugeuza ukumbi ule wa wafumaji kuwa nyumba za kifahari, na tangu asubuhi alikuwa akipima, akichora na kugombana na watu. Sasa alisogea karibu, akalifuta pazia vumbi kwa kidole gumba, na maua ya lesi yakajitokeza moja moja, kila ua na jani lake lililopinda upande. Aliyajua maua hayo. Nusu ya pili ya pazia lile ilikuwa jikoni kwao, kwenye dirisha ambalo chini yake alikulia.

Mama yake, Gienia, alifuma nguo katika ukumbi huo mpaka siku mitambo ilipozimwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Madirisha yalikuwa yamekwisha kuzibwa kabla hajaajiriwa. Walisema jua linakausha uzi, na uzi mkavu hukatika. Basi wanawake wale walifuma chini ya taa za mirija, zamu baada ya zamu, pasipo kujua kama nje kuna mvua au theluji. Lakini nani aishi bila dirisha? Kila mfumaji ambaye mtambo wake ulielekea dirisha kipofu alilifanya lake. Mmoja alibandika hapo picha ya Bikira Maria, mwingine kadi ya posta yenye bahari, mwingine akatundika pazia na kulifua kila Pasaka ilipokaribia. Wakaulizana hata habari za hali ya hewa. "Kwako vipi leo, Gienia?" "Kwangu jua kali, shoga, hata macho siwezi kufumbua!" Mitambo ilinguruma hivi kwamba walizisoma salamu hizo midomoni.

Halszka alilelewa kwa vichekesho hivyo na alivichukia vyote. Wenzake shuleni walipocheka, yeye aligeuza uso. Siku aliyoamua kusomea usanifu hakumwambia mtu sababu. Sababu ilikuwa madirisha.

*

Bwana Leopold Kurc, mwenye mradi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na aliyeshika kiwanda kizima mikononi ana haki ya kuogopa. Alipoiona michoro ya Halszka, yenye madirisha makubwa ya tao yaliyofunguliwa yote upande wa magharibi, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyostahili.

"Matofali yale yameshika ukuta miaka na miaka, Bi Halszka. Nani anajua sasa ni tao linalobeba ukuta, au ni tofali linalobeba tao? Ukitoa huenda likashuka lote. Mshauri wangu anasema tuyaache yalivyo, tutoboe vidirisha vidogo vya mraba. Visafi, vya kisasa."

"Kama vya meli?"

"Meli zinaelea, Bi Halszka."

"Na jibini lina matundu!" Halszka alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Bwana Kurc, unawaambia watu waje waishi ndani ya historia, halafu unawatobolea historia kama jibini! Mtu anayenunua nyumba hapa ananunua mwanga. Nguzo zipo, sakafu ipo, dari ipo. Kilichobaki ni mwanga, nao uko nyuma ya unene wa tofali mbili! Nitoe tofali mbili tu uone!"

Bwana Kurc alikitazama kile kiti sakafuni. Kisha akatamka masharti yake kwa sauti ya mtu anayemkabidhi mtoto kiberiti. Angemruhusu dirisha moja. Tao likishika, upande mzima wa magharibi ungefunguliwa na kazi yote ingekuwa yake. Likisogea, basi, vidirisha vya mraba, msanifu mwingine, na jina la Halszka lingeng'olewa kwenye ubao wa langoni.

Jina hilo lilikuwa na umri wa wiki chache tu pale langoni. Halszka alikuwa akipita mbele yake kila asubuhi kwa mwendo wa pole, kama mtu anayepita mbele ya kioo.

Akachagua dirisha lenye pazia. Aliwaambia wote kwamba tao lake ndilo zima kuliko mengine, na hakuwa amedanganya sana.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe alimwambia mama yake. Alikwisha kujiandaa kwa kejeli, maana Gienia, siku aliyorudisha vazi lake la kazi, aliapa kwamba miguu yake haitakanyaga tena ngazi zile; na aliposikia binti yake amepata kazi wapi, alipiga makofi ya mshangao. "Mimi nimehangaika maisha yangu yote nitoke mle ndani. Wewe unahangaika kuwaingiza watu, tena wakalale!"

"Kesho tunafungua dirisha lako, Mama."

Gienia alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama.

"Langu lenyewe?"

"Lenye pazia."

Maganda yalianza tena kushuka, membamba, marefu.

"Saa ngapi?" aliuliza.

*

Asubuhi ya Novemba ilikuja na mbingu nzito za rangi ya risasi. Rufin alianza na kioo. Kwenye mabega yote mawili ya tao alibandika kwa jasi vipande vyembamba vya kioo, kila kimoja kikivuka maungio ya tao na ukuta. Kioo hakijui kuvumilia. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa unywele, kinakatika, na fundi anajua kabla dari haijamjulisha.

"Hawa ndio wazee wa baraza," Rufin aliwatambulisha, akigusa kioo cha kushoto kisha cha kulia. "Wakinyamaza, tunaendelea. Mmoja akisema neno, tunakimbia."

"Wewe utakimbia wapi na tumbo hilo?" Zenek alimwuliza.

"Nitakupita wewe. Anayemkimbia simba hahitaji kumshinda simba."

Halszka hakuwasikia vizuri. Damu ilikuwa ikimpiga masikioni. Alikuwa amevaa buti zake za bahati, amesahau kula, na mikono yake ilikuwa haitulii. Iligusa nguzo, ikagusa michoro, ikagusa mbao za kuegemezea tao ambazo alikwisha kuzikagua mara chungu nzima. Alikuwa na hofu, ndiyo. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kilichorukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Leo! Leo hii!

Tindo la Rufin likaingia kwenye chokaa ya safu ya juu, chini kabisa ya tao. Chokaa ile kuukuu haikuleta ubishi. Ilimwagika kama sukari. Tofali la kwanza lilitoka zima, Zenek akalipokea kwa mikono miwili, akalibusu.

"Karibu duniani!"

Nyuma yake palikuwa na safu nyingine, nyeusi kwa masizi. Mwanga bado. Rufin akatema mate viganjani, akaendelea.

Hapo ndipo visigino viliposikika ngazini. Mafundi waligeuka. Mlangoni alisimama mwanamke mfupi, mnene, katika koti la rangi ya zabibu ambalo kwa kawaida lilitoka kabatini kwa ajili ya harusi na mazishi tu. Alikuwa amepaka rangi ya midomo, na mkononi ana kikapu kilichofunikwa kitambaa. Alihema kama aliyepanda mlima.

"Mama! Lifti ya mafundi ipo, kwa nini hukusema?"

"Ngazi hizi nilizipanda nikiwa na wewe tumboni. Leo nibebwe kama gunia la saruji?" Gienia aliwatazama mafundi mmoja mmoja. "Nani kati yenu alilicheka pazia langu?"

Zenek akamnyooshea Rufin kidole bila kusita.

"Mimi, mama," alikiri Rufin. "Lakini nililicheka kwa heshima."

"Basi wewe utakula la mwisho." Akafunua kikapu. Harufu ya maandazi yaliyojaa jibini tamu ikazagaa ukumbini, na kazi ikasimama yenyewe.

Gienia hakula. Alivua glavu, akatembea polepole katikati ya nguzo akiangalia sakafu, mpaka alipofika mahali penye matundu manne ya boliti, yaliyojaa mafuta makavu meusi. Akasimama juu yake, miguu imeachana kidogo, mgongo ukanyooka. Mara alikuwa mtu mwingine. Halszka hakuwahi kumwona mama yake akisimama hivyo jikoni.

"Hapa. Mtambo ulikuwa hapa, nguo inateremka hapa, na mimi uso kwa dirisha." Akacheka kidogo, kama msichana. "Unajua, Halszka, nimefanya jambo la kipumbavu. Nimeacha taa ya jikoni inawaka."

"Tutarudi, Mama, utaizima."

"Sitaki kuizima! Nimeiacha makusudi. Kumekucha vibaya leo, kuna giza, nikasema taa ikiwaka nitalitambua dirisha letu mara moja, nisihangaike kutafuta. Majengo yale yote yanafanana." Akaelekeza kidevu kwenye matofali. "Si pale? Nyuma ya hapo ni jikoni kwetu. Zamu zote za jioni nilisimama hapa nikijua uko pale, na ufunguo wako shingoni, unakula au huli. Wenzangu walikuwa na bahari na watakatifu. Mimi nilikuwa na wewe."

Halszka aliikunjua michoro yake.

Katika kila karatasi aliyochora, pembeni, alikuwa ameweka mshale wa kaskazini. Angeweza kuuchora usingizini. Ukuta ule ulitazama magharibi. Nyuma yake kulikuwa na bwawa la zamani la kiwanda, na reli. Majengo yao ya makazi, yote saba, yenye jikoni zinazofanana, yalikuwa mashariki: nyuma ya mgongo wa mama yake.

Ilikuwaje? Akazikumbuka ngazi. Zilipanda ndani ya mnara wa pembeni usio na tundu hata moja, zikizunguka, zikizunguka, na wanawake wale walizipanda wakiwa nusu usingizini, wakatokea juu mahali ambapo mwanga wa taa ulikuwa sawasawa pande zote. Nani hapo angejua kwao ni wapi? Ukifika kwenye mtambo unachagua. Gienia alichagua, na tangu siku hiyo hakuona sababu ya kuuliza.

"Mama," alisema Halszka, "sikiliza. Huenda..."

"Jamani, mbona mnakula?" Sauti ya Bwana Kurc ilitangulia mlangoni, mwenyewe akafuata, kofia ngumu imemkaa upande. "Nimekuja kuona ukuta, naona karamu!"

*

Wakarudi kazini kwa nguvu mpya. Safu ya kwanza ya matofali ikaisha, ya pili ikaguswa. Rufin alifanya kazi kwa mahadhi, pigo, pumzi, pigo, pumzi, na Zenek akapokea na kupanga. Bwana Kurc alisimama mbali, karibu na mlango. Gienia alikataa kuondoka kwenye matundu yake ya boliti mpaka Halszka alipomvuta nyuma ya mstari wa usalama, na hata hapo alisimama kwa ncha za vidole.

Halszka alitazama kioo, akamtazama mama yake. Kioo. Mama. Siku ambayo aliiota tangu akiwa mtoto ilikuwa ikifunguka tofali kwa tofali mbele ya macho yake, na kila tofali lililotoka lilimsogeza mama yake karibu na bwawa la maji ya kijani. Amwambie sasa, mbele ya watu? Anyamaze?

Tak.

Sauti ndogo sana. Hata njugu ikipasuliwa hutoa zaidi. Lakini nyundo ya Rufin iliganda hewani.

Kioo cha kushoto kilikuwa kimekatika katikati.

"Nje!" alipaza sauti Bwana Kurc. "Tokeni wote! Nilisema! Nilisema mimi! Simamisheni, rudisheni matofali, basi, imekwisha!"

Hakuna aliyetoka. Rufin aliinua mkono kuomba kimya, akaweka sikio kwenye ukuta, kiganja kingine kwenye tao. Vumbi kidogo lilidondoka, likakoma.

"Limekaa," alisema.

"Limekaa maana yake nini?"

"Bwana Kurc, wewe ukisimama sana halafu mtu akakuondolea fimbo, si utajiweka sawa kidogo? Ndicho lilichofanya. Limeshika mzigo wake lenyewe. Kioo cha kulia kizima. Tubandike kingine kushoto tungoje. Likitaka kuondoka, litaaga tena."

"Na wewe unasemaje, msanifu?" Bwana Kurc alimgeukia Halszka. Uso wake ulikuwa mweupe kama jasi. "Jina lako ndilo lililoko langoni. Tuzibe, au tuendelee?"

Ndipo Halszka alipouona mlango uliofunguka mbele yake, mlango ambao hakuuomba. Neno moja tu: tuzibe. Lingekuwa neno la busara, hakuna ambaye angemlaumu. Jina lingeng'olewa, ndiyo, majina huandikwa tena. Na mama yake angeshuka zile ngazi na koti lake la zabibu, arudi kwenye taa yake ya jikoni, na mpaka kufa angejua kwamba zile zamu zote alikuwa akimtazama binti yake. Halszka alihisi neno likipanda. Likafika ulimini. Akaona haya, maana hakujua ni la upendo au la woga, na mtu aliyesimama kati ya hayo mawili hana miguu.

"Bandika kioo kingine," alimwambia Rufin. Kisha akamshika mama yake kiwiko, akamvuta kando ya nguzo. "Mama, nikuambie kitu kabla hatujaendelea. Dirisha hili..."

"Litaanguka?"

"Haliwezi kuanguka. Tao ni zima. Ila nyuma yake..."

"Basi nini?" Macho ya Gienia yalikuwa yanang'aa kama ya mtu mwenye homa. "We mtoto, mimi nimelitazama tofali hili nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zikawa hivi. Nimelijua kila doa. Kama nyuma yake kuna shetani, nataka nimwone. Usinihurumie sasa. Hukunihurumia jana uliponiambia saa ngapi."

Walingoja huku chai ikipoa kwenye gilasi. Hakuna aliyesimulia kichekesho. Kioo kipya kilikaa kimya, cha kulia kilikaa kimya, na hatimaye Rufin alimtazama Halszka akisubiri amri. Halszka alivuta pumzi. Lakini aliyesema alikuwa mwingine.

"Piga!" alisema Gienia.

"Piga," alisema Halszka.

Rufin akapiga.

*

Mwanga haukuingia kama wageni wanavyoingia. Uliingia kama maji yaliyovunja kingo. Kwanza ulitokea uzi mmoja kwenye kona, mwembamba, mweupe, ukakata vumbi hadi nguzo ya katikati. Kisha tofali moja, kisha matatu kwa pamoja, na Zenek akawa hapokei tena, anayaacha yalale kwenye mchanga. Mawingu nje yalikuwa yamepasuka na jua la alasiri, lililoinama, lilikuwa likija moja kwa moja. Likagonga sakafu kuukuu, na sakafu, yenye mafuta ya mitambo ya miaka na miaka, ikawaka rangi ya asali. Nguzo zikatupa vivuli ambavyo hazikuwa navyo tangu walipokufa waliozisimamisha. Tao lilisimama juu ya yote, wazi, jepesi, vioo vyote viwili vizima, kama nyusi iliyoinuliwa kwa mshangao.

"Hee!" Rufin alitupa nyundo. "Hee, mama yangu! Mwoneni huyo! Mwoneni!"

Halszka alipiga ukelele ambao hakujua anao. Alimkumbatia Rufin, akamkumbatia Zenek, na alipofika kwa Bwana Kurc alimkumbatia naye kabla mzee huyo hajajua afanye nini na mikono yake. Bwana Kurc alikuwa amesimama katikati ya mwanga, kinywa wazi, anaukodolea macho mkono wake kana kwamba ameletewa mpya.

"Yote," alisema. "Upande huu wote, Bi Halszka. Fungueni yote!"

Yote! Neno hilo lilipaswa kumwinua hadi dari. Lilimwinua, kweli, nusu ya njia. Maana mama yake alikuwa amefika dirishani.

Gienia aliweka mikono miwili kwenye kizingiti, akatazama. Chini kulikuwa na bwawa, na mabata. Ng'ambo ya bwawa kulikuwa na vibustani vya mboga na vibanda vyake, kisha reli, kisha miti ya misonobari hadi upeo wa macho. Treni ilipita taratibu, ikaisha. Gienia hakugeuka.

"Hii ni reli," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Reli iko upande wa..." Akainua kidole, akakizungusha hewani, akazipanda ngazi kwa kidole, mzunguko, mzunguko, mzunguko. Kidole kikasimama. "Mungu wangu. Ngazi."

Mafundi hawakuelewa, ila waliona mgongo wa lile koti la zabibu ukitikisika. Halszka alikimbilia. Alipomgeuza mama yake alikuta machozi yanashuka, lakini mdomo uliopakwa rangi ulikuwa unacheka, unacheka hasa, mpaka meno ya nyuma.

"Kila jioni nilikuwa nagonga tofali lile kwa ubao wa kupitishia uzi. Saa ya chakula chako. Nasema, maliza maziwa, Halszka. Funga mlango, Halszka. Usichezee jiko." Alifuta kamasi kwa mkono mtupu. "Kumbe nalea mabata! Mtu mzima na akili zangu, nimelea mabata ya bwawa!"

"Walikua vizuri, mama," alisema Rufin kwa upole. "Angalia walivyonona."

Gienia alimpiga kofi la bega, akazidi kucheka, na ukumbi mzima ukacheka naye. Halszka alicheka pia. Halafu akajikuta ameketi kwenye rundo la matofali. Kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu yeyote kilikuwa kimempanda kifuani. Jioni zile, na ufunguo shingoni, alikuwa akipanda juu ya kiti cha jikoni, anasogeza pazia, na ng'ambo ya uwanja anauona ukuta wa kiwanda wenye madirisha vipofu. Alichagua moja. Akalipungia mkono. Kila jioni, mpaka mkono ukachoka. Mama yake alikuwa ndani, amempa mgongo, anazungumza na mabata.

Aliinuka. Akamwendea Bwana Kurc, aliyekuwa bado anaota jua.

"Na upande wa mashariki," alisema.

"Mashariki kuna nini?"

"Madirisha. Vilevile kama haya."

Bwana Kurc alirudi duniani taratibu. "Mashariki kuna lifti, Bi Halszka. Kuna mabomba, kuna majiko, kuna vyoo. Ulichora wewe mwenyewe! Ulisema upande ule hauna kitu cha kutazama, majengo ya serikali matupu. Nimenukuu."

"Nilikosea."

"Umeshinda sasa hivi! Hujakaa hata dakika na ushindi wako, unataka kuubomoa?"

"Lifti itahama. Nitachora upya yote. Nitachora bila kulala. Niondoe langoni ukitaka, mwandike Rufin, lakini ukuta ule..." Akaunyooshea kidole. "Kuna watu pale ng'ambo, Bwana Kurc. Wana madirisha. Wamekuwa wakitazama huku siku zote."

Bwana Kurc alivua miwani. Akaanza kuifuta. Alitazama tao, akatazama ukuta wa mashariki, mrefu, wa kijivu, ukiwa na madirisha yake vipofu yaliyojipanga kama watu waliofumba macho. Akatembea hadi pale, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasimama mbele yake, akifikiri, mikono nyuma.

Gienia alikuwa ameokota ndoo tupu ya rangi. Aliibeba kupita ukumbi wote, kupita matundu yake ya boliti bila kuyatazama, akaipindua mbele ya ukuta ule wa mashariki, akaketi. Akafungua vifungo vya koti. Akaweka mikono magotini, kama mtu aliyekata tiketi na kufika mapema.

"Bwana," alisema.

Bwana Kurc aligeuka.

"Sogea kidogo, unanizibia."

Bwana Kurc aliutazama ukuta, tofali juu ya tofali. Akamtazama yule mama. Kisha akapiga hatua moja kando.